Kikao Kuhusu Goti la Wilf Tattersall

KAMATI YA WAPENZI WA ORMLEY ROVERS

Kumbukumbu za kikao cha Jumapili, 12 Machi 1961, kilichofanyika katika ukumbi wa wapenzi nyuma ya uwanja, kuanzia saa nane mchana.

WALIOHUDHURIA
Bw. Horace Entwistle (mwenye bucha), Mwenyekiti
Bi. Nellie Crompton, Makamu Mwenyekiti
Bw. Arthur Shorrock (kondakta wa basi), Mjumbe
Bw. Fred Duxbury, Mjumbe
Bw. Leonard Hindle, Katibu na mwandishi

ASIYEKUWEPO
Bw. Seth Lomax, anaumwa kiuno.

WALIOINGIA KIKAO KIKIENDELEA
Bw. Wilf Tattersall, aliyekuwa mshambuliaji wa kati wa Rovers, na mkewe, Bi. Edna Tattersall. Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba hawakualikwa. Imeandikwa.

KUMB. NA. 1/61: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kusema mambo ni madogo, tutamaliza upesi. Haikuwa hivyo.

KUMB. NA. 2/61: BASI LA KWENDA BARROW
Bw. Shorrock alilalamika kwamba safari iliyopita Bw. Duxbury alianza kunywa kabla basi halijatoka mjini, akatapika kwenye kofia. Bw. Duxbury alijibu kwamba kofia ilikuwa yake mwenyewe, sasa tatizo liko wapi. Iliamuliwa basi liende.

KUMB. NA. 3/61: UBAO WA MAJINA
Mwenyekiti alisoma majina kumi na mawili ya wachezaji walioitumikia klabu vizuri, yatakayoandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao hapo mlangoni. Bi. Crompton aliuliza aliyefunga mabao 131 yuko wapi.

Mwenyekiti alisema kitabu cha kumbukumbu kinajieleza, akakifungua mwaka 1954 na kusoma: "Katika mechi ya Kombe ya tarehe 9 Januari dhidi ya Stainbeck, Tattersall aliacha uwanja kwa hiari yake zikiwa zimebaki dakika kumi, bila jeraha lolote. Kuanzia leo asiingie katika ukumbi huu."

Bi. Crompton aliuliza aliyeandika hayo ni nani. Mwenyekiti alisema, "Si huyo hapo, Katibu?" Ni kweli. Mwandiko ni wangu.

KUMB. NA. 4/61: KUINGIA KWA BW. NA BI. TATTERSALL
Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mwenyekiti alimkumbusha Bw. Tattersall kwamba haruhusiwi humu.

Bi. Tattersall alisema, "Tutoe basi, Horace. Inuka uje ututoe kwa mikono yako."

Mwenyekiti hakuinuka.

Bw. Tattersall hakukaa kwenye kiti alichopewa, kwa sababu mguu wake wa kulia haukunjiki na viti vyetu vimebanana. Aliegemea ukuta. Bi. Tattersall ndiye aliyesema. Alisema klabu ilimtoa mumewe kiwandani kwenye mashine za kufuma akiwa na miaka ishirini na moja, mwaka ule vita ilipokwisha. Kwa misimu minane alicheza mechi 243, nyingine akiwa na homa, moja akiwa na mbavu mbili zimevunjika, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Leo anasukuma mikokoteni ya vitambaa kwenye kiwanda kilekile.

Alisema, "Baada ya mechi ile walitangaza kwamba goti kalivunja nyumbani, kaanguka ngazini amelewa. Amelewa nini? Huyu hajawahi kuonja hata bia! Halafu klabu ikashikilia karatasi zake za usajili misimu miwili. Hawamchezeshi, hawamwachii aende kwingine. Wakaja kumwachia wakati hata paka hamkimbizi. Na mimi dukani kwa samaki na chipsi naambiwa, mkimbizi wako hajambo? Miaka saba, Horace! Miaka saba nafungiwa samaki na matusi!"

Mwenyekiti alimwomba apunguze sauti. Bi. Tattersall alikataa.

Bw. Duxbury alisema yaliyopita yamepita, na kila mtu alijua wiki ile Wilf alikuwa ameomba ahamie timu ya Daraja la Kwanza, gazeti liliandika, kwa hiyo alipotoka uwanjani watu walijua moyo wake umeshahama.

Bi. Tattersall alisema, "Fred, wewe ulimrushia ganda la chungwa. Nilikuona."

Bw. Duxbury alisema halikumpata.

Bi. Tattersall aliuliza ni nani aliyelishika goti la mumewe siku ile pale kando ya mstari, kwa sababu kitabu hakimtaji. Ndipo Bw. Tattersall aliposema kwa mara ya kwanza. Hakumtazama Mwenyekiti. Alinitazama mimi.

"Len," alisema, "mbona umeacha kuandika? Si ndiyo kazi yako?"

KUMB. NA. 5/61: MANENO YA KATIBU
Katibu aliomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti alisema Katibu kazi yake ni kuandika. Hata hivyo Katibu alizungumza.

Katibu, yaani mimi, alieleza kwamba siku ile mwalimu wa mazoezi alikuwa na mafua, na mimi ndiye niliyeshika ndoo na sifongo. Dakika ya sabini, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, Wilf aligongwa na beki wao akaja kando akiruka kwa mguu mmoja. Nilimbandika sifongo. Chini ya kiganja changu, pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ilikuwa vipande viwili. Vilisuguana kama sahani iliyovunjika ndani ya kitambaa. Aliniambia, "Len, kuna kitu kimekatika." Nilijua kimekatika. Si kwamba nilidhani. Nilijua.

Ninyi wote mnajua mpira ulivyo: hakuna kuingiza mtu mwingine. Aliyeumia tunampeleka winga ya kushoto asimame tu, ili beki mmoja wa wapinzani abaki kumchunga. Wote tumefanya hivyo, wote tumewashangilia vilema wetu pale winga. Niligeuka nyuma. Horace alikuwa ameinama juu ya ukuta wa uwanja, uso mwekundu, akapiga kelele, "Hana kitu huyo, anajidekeza! Mpeleke winga!" Nikamwambia Wilf, "Umeteguka tu. Kasimame." Akaniamini. Alisimama dakika kumi.

Wale wachezaji wa Stainbeck, wapasua mawe wa machimboni, hawakuwa wajinga. Waliona upande ule hauna mtu, wakapitia hapohapo wakafunga. Wilf alijaribu kugeuka amzuie yule mfungaji, akaanguka. Alikwenda hadi mlangoni kwa mikono na goti moja, na watu elfu kumi na moja wakamzomea. Mimi nilisimama na ndoo yangu.

Jumatatu yake Horace aliniambia niandike kwamba Wilf alitoka kwa hiari yake. Niliandika. Ningeandika mfupa, watu wangeuliza nani aliushika. Niliogopa. Baada ya hapo kila nikikutana na Wilf njiani nilikuwa navuka barabara.

Mwenyekiti aligonga meza na kusema Katibu amerukwa na akili, na kwamba yeye hakumbuki kuinama juu ya ukuta wowote. Bi. Crompton alisema, "Mimi nakumbuka, Horace. Kofia yako ilinidondokea." Mwenyekiti aliagiza maneno yote ya Katibu yafutwe. Katibu alisema hayafuti. Mwenyekiti alisema, "Ni amri!" Katibu alisema mara ya mwisho alipoandika kwa amri ndiyo hii tunayoijadili.

KUMB. NA. 6/61: OMBI LA BW. TATTERSALL
Baada ya kelele kupungua Mwenyekiti alisema, sawa, jina la kumi na tatu liongezwe kwenye ubao, na mambo yaishe humuhumu.

Bw. Tattersall alisema, "Ubao wenu ufanyeni kibao cha kuwekea viatu. Walionizomea ni elfu kumi na moja. Humu wanaingia wangapi, hamsini? Vipaza sauti vya uwanja ni mali ya kamati hii. Jumamosi, wakati wa mapumziko, Len aseme humo. Kwa mdomo wake."

Mwenyekiti alisema hilo haliwezekani, klabu itaaibika, na Katibu atapigwa mawe. "Watakupasua, Len. Una mke wewe."

Bi. Tattersall alisema, "Na huyu alikuwa na nini, mbuzi?"

Ilipigwa kura. Bw. Shorrock alisema Katibu na Mwenyekiti wasipige, maana wote wawili wamo kwenye kesi. Waliokubali: Bi. Crompton na Bw. Shorrock. Aliyekataa: Bw. Duxbury. Ombi lilipita. Saa tisa na nusu Mwenyekiti alichukua koti lake akaondoka, akisema tutamkumbuka. Bi. Crompton alishika kiti cha Mwenyekiti.

KUMB. NA. 7/61: MANENO YATAKAYOSOMWA
Katibu aliandika maneno akayasoma. Yalianza hivi: "Kwa masikitiko makubwa, na kutokana na hali ya mchezo na shinikizo la wakati ule..."

Bw. Tattersall alisema, "Toa masikitiko."

Yalitolewa.

"Shinikizo la nani? Ulikuwa na ndoo, hukuwa na bunduki kichwani. Toa. Na hiyo hali ya mchezo toa."

Katibu aliuliza kama aeleze kwamba alikuwa kijana. Bi. Tattersall alisema, "Ulikuwa na miaka thelathini na tisa, Len."

Yalibaki haya, na kikao kiliyapitisha:

"Mimi ni Leonard Hindle. Tarehe 9 Januari 1954 goti la Wilf Tattersall lilivunjika hapa uwanjani. Nililishika nikajua, nikamrudisha ndani. Halafu niliandika kwamba amekimbia. Nanyi mlimzomea kwa uongo wangu."

Katibu aliomba sentensi ya mwisho iondolewe, watu wasione wanalaumiwa. Bw. Tattersall alisema, "Hiyo ndiyo usiiguse."

KUMB. NA. 8/61: KUFUNGA
Katibu alimwendea Bw. Tattersall na kumpa mkono. Bw. Tattersall aliutazama ule mkono, kisha akamsaidia mkewe kuvaa koti.

Bi. Crompton aliuliza kama Jumamosi watakuja uwanjani, watafutiwe viti vizuri. Bw. Tattersall alisema hapana. Nyumba yao iko nyuma ya jukwaa la kaskazini, na vipaza sauti vinasikika mpaka jikoni. Kelele za siku ile pia zilisikika mpaka jikoni, mama yake mzazi alizisikia akiwa anamenya viazi.

Mlangoni Bi. Tattersall aligeuka akamwambia Katibu, "Soma polepole. Usije ukameza maneno."

Kikao kilifungwa saa kumi na robo.

Mwenyekiti: (ameletewa kumbukumbu hizi buchani kwake Jumatatu, amekataa kutia sahihi)
Kwa niaba yake: N. Crompton, Makamu
Katibu: L. Hindle