Kwa Leonard Pargeter, Aliyeitafuta Bunduki ya Babu Yake

Baba, mwaka umetimia sasa tangu ulipotuacha Jumanne ile ya Novemba, wodini, chai yako ikiwa bado ya moto. Watu hutuambia kwamba mwaka wa kwanza ndio mgumu, ukipita moyo hutulia. Wetu haujatulia, na sababu yake ni heri uisikie kwetu wenyewe, maana hukupenda kufichwa jambo.

Ulikuwa mpole kwa watu wote, isipokuwa kwa aliyedanganya kuhusu umri wa bunduki. Ulifanya kazi miaka thelathini na saba katika kiwanda cha skrubu, na ulipostaafu meza ya jikoni ikageuka ofisi yako. Wakulima wa Shropshire, wajane, hata kasisi mmoja mwenye kigugumizi, walikuletea bunduki zao kuukuu za mitutu miwili uwaambie zilitengenezwa mwaka gani na mkono wa nani. Hukumtoza mtu hata peni moja. Mama ndiye aliyechoka.

"Len, toa hilo dude mezani, tupate kula."

"Subiri kidogo, Doreen. Huyu bibi amemzidi mama yako umri, mpe heshima yake."

"Mama yangu hakuwa akinuka mafuta ya taa."

Wengi walisoma jina la duka na anwani ya London iliyochorwa juu ya mitutu, wakaridhika. Wewe uliing'oa mitutu, ukaigeuza na kuvaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Kule chini ndiko kulikuwa na mihuri ya jaribio, iliyogongwa baada ya kila mtutu kupigwa kwa baruti nyingi kuona kama utapasuka. Mihuri ilibadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo wewe uliisoma kama sisi tunavyosoma kalenda. Na kando ya mihuri hiyo mafundi wa Birmingham waligonga namba ya kazi na alama zao, wao waliotengeneza bunduki kisha wakaona majina ya wenye maduka yakiandikwa juu.

Babu yako Enoch alikuwa mmoja wao. Alikaa miaka arobaini kwenye karakana ya uani, akifa kidogo kidogo kwa kikohozi cha vumbi la chuma. Alizikwa kaburi la maskini pamoja na watu wengine kumi na mmoja, bila jiwe. Hakuacha picha. Ulitaka kitu kimoja tu maishani, uishike bunduki moja aliyoitengeneza na kusema kwa uhakika kwamba mtu huyu aliishi.

Masika ya mwaka jana ukainunua moja mnadani Bewdley, uliyoshuku ni ya mkono wake. Chini ya mitutu ilikuwa imeganda grisi na kutu ya miaka mia. Kila asubuhi uliweka tone la mafuta, ukangoja, ukafuta kwa pamba, ukangoja tena. Mwezi wa tisa ncha ya muhuri ikachungulia. Ukamwandikia Bi Hingley wa Walsall, anayehifadhi vitabu vya karakana alimofanyia kazi Enoch, kisha ukaugua kabla jibu halijaja.

Anayeandika haya kwa niaba ya familia ni mimi, Gillian.

Nilikuja kutoka Coventry siku mbili kabla ya mazishi. Marafiki zako wa klabu ya bunduki za kale walikuwa waje nyumbani baada ya ibada, kwa chai na pai ya nyama, nami nikaona haifai waikute bunduki yako imechakaa vile. Mama alikuwa amelala. Ndugu yangu Clive, mwenye leseni ya kuitunza, alikuwa kwa mchonga jeneza. Nilichukua waya wa kusugulia sufuria na dawa ya kung'arishia vijiko, nikasugua huku nalia, mchana kutwa, juu na chini. Mara ngapi nimekusikia ukiwakaripia wakulima kwa kosa hilo hilo? Nilikuwa nasikia, Baba, ila sikuwa nasikiliza.

Siku ya mazishi, Stan Bissell, rafiki yako wa tangu shuleni, ndiye aliyeigeuza. Alitazama muda mrefu, akaweka kikombe chini.

"Nani kaisafisha?"

"Mimi, Mzee Stan. Imependeza?"

"Inang'aa, binti yangu," akasema. "Shemeji Doreen yuko wapi, nimpe pole."

Sikuelewa. Nilimwongezea chai.

Barua ya Bi Hingley ilifika Januari, imeandikwa jina lako kama vile ungeifungua mwenyewe. Alisema vitabu vinaonyesha kwamba Enoch Pargeter alimaliza bunduki ya aina hiyo hiyo Machi 1884, kazi namba 417. Lakini mafundi wengine watatu nao walitengeneza za aina hiyo. Ukiiona namba 417 chini ya mitutu, karibu na ndoana ya kuishikizia mitutu, basi ni yake, na Bi Hingley angefurahi kuwa wa kwanza kukupa mkono.

Clive alipiga magoti kwenye zulia na tochi. Stan alikuja na kioo chake cha kukuzia, akapaka unga wa chaki, akaufuta, akapaka tena.

"Kuna kitu?" nikauliza.

"Hakuna, Gill," akasema Stan.

"Angalia tena, basi."

"Nimeangalia mara tano, mwanangu. Kumekuwa laini kama sahani."

Clive hakunipigia kelele. Alikwenda kusimama bustanini kwenye mvua, na tangu siku hiyo ananiita Gillian, jina zima. Mama husema ungenisamehe. Anasema hivyo akiwa ameangalia pembeni.

Mwezi wa sita Clive alikuja na wazo. Klabu imeomba kadi zako, zile ulizojaza kwa kila bunduki uliyoichunguza, na hii ya Bewdley haikuwa na kadi. "Tuandike Enoch Pargeter, 1884," akasema. "Nani atatupinga? Wajukuu wapate kitu." Nilishika kalamu nikatamani sana kuandika. Lakini hukuwahi kuandika mwaka ambao hukuweza kuuthibitisha, hata kwa yule mjane aliyekulilia hapa jikoni.

Kwa hiyo nimeijaza hivi. Mtengenezaji: hajulikani. Mwaka: haujulikani. Kwenye mstari wa kasoro nimeandika: alama zote zimesuguliwa zikaisha, na binti wa mwenye bunduki.

Unakumbukwa na mkeo Doreen, ambaye bado anakuachia nafasi mezani. Mwanao Clive na mkweo Pauline. Wajukuu Martin na Alison. Na rafiki yako Stan. Unakumbukwa pia na Gillian, aliyemzika baba yake na baba wa babu yake katika wiki moja.

Hatutakusahau kamwe, Baba, hata tungetaka.