Neno Nililolifuta

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta unapumua vizuri, na kwamba kile kikohozi alichotusimulia shemeji kimepungua. Ukiuliza hali zetu, kimwili sote tu wazima. Mama anakula, ingawa kwa kulazimishwa. Shemeji anajikaza kisabuni mbele ya watu, na tukifunga mlango hajikazi tena. Mimi mdogo wako nipo, ila kuhusu mimi usiulize kwanza.

Duka liko kama ulivyoliacha: mitungi mikubwa ukutani, midogo karibu na mlango. Polisi walinirudishia funguo wiki iliyopita. Siuzi kitu. Nafungua asubuhi, nafagia, nakaa kwenye benchi lako, wateja wetu wanapita upande wa pili wa barabara. Anayeingia ni yule kinyozi jirani peke yake, na juzi aliingia kuomba kiberiti. Nikamwambia katika duka la gesi hicho ndicho kitu pekee asichoweza kuomba. Akacheka, nami nikacheka, kisha nikaona haya.

Shemeji alipotoka kukuona Jumamosi alitueleza uamuzi wako. Alisema Jumatatu hakimu akikuuliza, utakubali kosa. Utasema wewe ndiye uliyefunga mpira wa gesi jikoni kwa yule mama fundi cherehani, kwamba hukumbuki kama siku ile ulipaka povu la sabuni kwenye klipu inayobana mpira kuangalia kama inavuja, na kwamba mikono yako ndiyo iliyomuua. Na yale maneno aliyomwambia jirani yake kabla ya moto, kwamba ameambiwa asubiri, fundi anakuja, sasa unasema huenda ulimwambia wewe kwa simu ukasahau.

Kaka, hukumwambia. Nimeandika barua hii kwa ajili ya hilo. Lakini niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza na mwisho sitafika.

Unakumbuka nilivyokujia na wazo la tovuti. Ulisema wateja wako wanakuja kwa kunusa, hawahitaji kompyuta. Nikakujibu kwamba siku hizi mtu akiishiwa gesi hamuulizi jirani, anaiuliza simu, na simu humpeleka kwenye ukurasa wenye maneno kama yale aliyoandika. Basi kazi yetu ni kuyajua maneno ya watu na kuyaweka kwetu kabla mwingine hajawahi. Nilikaa wiki mbili pale kwenye benchi na daftari, nikinukuu wateja wanavyosema. Mimi nilikuwa nimeandika kwa mbwembwe "huduma za nishati ya kupikia". Hakuna hata mmoja aliyetamka hivyo. Walisema "kujaza mtungi". Walisema "jiko linatoa moto mwekundu". Mzee mmoja alisema mtungi wake umekata roho, nawe ukaniamuru niandike na hilo. Siku hiyo ndipo uliponibatiza jina la Profesa, na wateja nao wakalidaka.

Shida ilikuwa kwamba maneno yote mazuri yalishachukuliwa na kampuni kubwa. Ukiandika "gesi ya kupikia", sisi tulikuwa ukurasa wa tisa, mahali ambapo hata mwizi hafiki. Nikaendelea kutafuta, mpaka nikakutana na maneno mawili: "gesi inanuka". Chombo cha mtandaoni kinachohesabu maneno wanayotafuta watu kilionyesha kwamba mamia ya watu wa mji huu wanayaandika kila mwezi, na hakuna duka hata moja lililoyataka. Nilikujia mbio kama mtu aliyeokota pochi.

Wewe ulikuwa umeinamia jiko la mtu, hukuinua hata kichwa. Ulisema hao si wateja, hao ni watu walio hatarini, na mtu aliye hatarini huwezi kumuuzia kitu, unamwambia la kufanya. Kisha ukafuta mikono, ukaniketisha, ukanisomea polepole kama mwalimu anayetoa imla: Usiwashe wala kuzima kitu chochote. Funga mtungi kama unaufikia. Fungua madirisha. Toka nje, wewe na wote waliomo. Ukishafika mbali, ndipo upige simu. Nikaandika neno kwa neno. Hapo bado nilikuwa mdogo wako.

Kuna mwalimu mmoja wa kwenye video niliyekuwa nikimfuata. Alifundisha kwamba hasara kubwa ya ukurasa ni mgeni kuingia na kutoka bila kubonyeza chochote. Nilipofungua ripoti yetu nikaona ndivyo ilivyo: watu wanaingia kwa "gesi inanuka", wanasoma maneno yako, wanatoka. Nikachukia. Bila shaka walikuwa wanatoka! Walikuwa wanatoka majumbani mwao wakiwa hai, kaka, na mimi nikawahesabu kuwa hasara.

Kwanza niliyashusha maneno yako chini kabisa, mahali ambapo mtu lazima ateremke sana kuyaona. Simu zikaongezeka kidogo. Mwezi uliofuata nikayafuta. Mahali pake, juu kabisa, kwa herufi nene, nikaweka: Usihangaike. Piga simu hapa. Subiri, fundi anakuja. Na namba niliyoiweka haikuwa ya duka. Niliweka yangu, ili kila simu iliyoletwa na maneno yangu niihesabu mwenyewe, nikuletee orodha siku moja, ukome kunicheka. Sikukuambia. Nilijua hufungui tovuti, na nilijua kwa nini hufungui: uliniamini.

Alhamisi ile ya moto nilikuwa ng'ambo ya mji kwa mama mmoja mwoka mikate, aliyetaka nimsaidie naye kuchagua maneno. Simu yangu nilikuwa nimeilaza kifudifudi mezani, nimeizima mlio, ili nionekane mtu wa shughuli. Tulikuwa tunabishana kama watu huandika "keki ya siku ya kuzaliwa" au "keki ya bethidei", na nakumbuka nilivyokuwa nikiongea kwa maringo. Saa saba na nusu nilipoiinua simu nilikuta nimepigiwa mara tatu na namba moja nisiyoijua. Saa sita na dakika tano. Saa sita na kumi na mbili. Saa sita na nusu. Nikajisemea mwenye shida atapiga tena. Nikapewa kipande cha keki cha kuonja, nikala. Nilipopiga, haikuita.

Nyumba ililipuka saa saba kasoro robo. Unajua alivyosimulia jirani: kwamba yule mama alitoka kibarazani akilalamika jikoni kwake kunanuka, akaulizwa mbona haondoki, akajibu ameambiwa asubiri, fundi anakuja. Akarudi ndani asije fundi akakuta mlango umefungwa, na kwa kuwa alikuwa na gauni la mteja la kumalizia, akachomeka pasi. Alikufa siku ya tatu. Ndiye aliyekushonea ile ovaroli yenye mfuko wa spana, uliyovuliwa kituoni.

Jioni ile shemeji aliponipigia akilia kunitajia aliyeungua, nilichukua daftari la wateja, nikalinganisha namba. Ilikuwa yake.

Sasa sikia nilichofanya. Sikulia, wala sikukimbilia hospitali. Niliingia kwenye tovuti nikafuta "subiri", nikayarudisha maneno yako yote, "toka nje" ikiwa juu kabisa, nikaweka na namba ya duka. Ilinichukua dakika nne. Nilidhani nimetuokoa.

Asubuhi walikuja polisi. Yule mpelelezi mnene alifungua ukurasa wetu mbele yako, akausoma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akasema kumbe kwa maandishi unajua la kumwambia mtu, ila kwa mdomo ulimwambia asubiri ili usipoteze kazi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako. Uligeuka ukanitazama kwa shukrani, kaka, kwa kuwa maneno yako yalikuwepo. Mtazamo huo siwezi kuuondoa machoni. Wakakufunga pingu, nami nikajitia hamnazo.

Simu ya marehemu iliungua, na hakuna aliyejisumbua kuuliza alimpigia nani, maana mtu walikuwa wameshampata. Mara mbili nimekwenda kituoni kusema. Mara ya kwanza nilifika hadi kwenye benchi. Mara ya pili nilifika kaunta, askari akaniuliza nataka nini, nikamuuliza siku za kutembelea mahabusu ni zipi. Akanitajia, nikashukuru, na bado sikuja kukuona. Nilimdanganya mama kwamba duka limenibana, duka lisilouza hata kiberiti.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba guu litakalovunjika linaweza kuwa la mkuu mwenyewe.

Kuhusu klipu, sijui. Huenda ililegea, huenda mpira uliliwa na panya. Hilo waseme wanaojua. Lakini tangu aliponipigia mara ya kwanza hadi nyumba kulipuka zilipita dakika arobaini, na mtu hutoka jikoni mpaka barabarani kwa nusu dakika. Dakika hizo arobaini ni zangu. Usizibebe Jumatatu. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya, usikubali kosa.

Najua barua zote zinafunguliwa langoni na kusomwa na askari kabla hazijamfikia mwenyewe. Kwa hiyo nimeandika badala ya kuja. Mdomo wangu umenishinda, basi nimeuacha mkono useme, na anayesoma mstari huu kabla yako namwomba asiupite. Ndani ya bahasha hii mna karatasi nne: ukurasa wetu ulivyokuwa ulipotoa imla, ulivyokuwa siku ya moto, ulivyokuwa jioni yake, na orodha ya simu nilizokosa. Tovuti huhifadhi kurasa za zamani pamoja na tarehe zake. Usiku ule sikujua namna ya kuzifuta, na ningejua ningezifuta. Seti nyingine nimempelekea wakili wako asubuhi hii, nikaiacha kwa karani wake.

Mama anakusalimu sana. Salamu hizo nimezichukua kwake kabla hajajua, kwa hiyo zipokee kama zilivyo, kwa sababu sijui kesho atakuwa na salamu gani kwa yeyote kati yetu. Shemeji anasema ukivaa lile sweta usilifue kwa maji ya moto. Kinyozi naye anakusalimu, na anasema kichwa chako anakidai.

Siombi unisamehe ndani ya barua, ni mahali rahisi mno. Nakurudishia tu neno lako nililolifuta. Wakikufungulia mlango, toka, kaka. Mimi nipo dukani, nasubiri.

Mdogo wako,
uliyemwita Profesa