Ndala Mlangoni, Kufuli Getini

Jumamosi, 5 Machi

Dada Morzina ameshinda! Ghorofa yetu nzima ya kushona imempigia kura. Sasa ni mjumbe wa kamati ya usalama — yeye, mshona kola, meza moja na mameneja!

Kiwanda chake cha zamani kiliungua hapa hapa Ashulia, mji wetu wa viwanda vya nguo. Aliruka dirishani, na mguu wake haujanyooka mpaka leo. Mdogo wake Hasina alifia ngazini, geti lilikuwa na kufuli. Baada ya vifo vile ndipo sheria ikakazwa: kamati, mazoezi ya moto, ngazi wazi, marufuku kufunga geti watu wakiwa ndani.

Nilimpongeza. Akasema pongezi haziliki, nimletee viazi vya kuponda, vyangu angalau vina chumvi. Mimi, kwa yaliyompata, ningenuna maisha yangu yote. Yeye anatania!

Jumatatu, 7 Machi

Zoezi la kwanza la moto. Aibu tupu. King'ora kikalia, na sote tukakimbilia — ndala! Huwa tunaziacha mlangoni, kwenye rafu za ngazini, tunashona pekupeku ili nguo zisipate vumbi. Basi wanawake wote hao wameinama mlangoni wanapekua ndala, nami nimo, natukana kwa sababu nimepata ya kushoto tu. Lipi, ninayekaa naye chumba kimoja, akaangushwa na kukanyagwa mkono. Meneja Tofazzol alicheka mpaka akashika ukuta.

Dada Morzina akapanda juu ya meza. "Nyie mabibi harusi! Mkiungua mtazikwa na ndala?"

Tukacheka. Halafu akasema, taratibu, kwamba hata kule kwenye kiwanda kilichoungua kuna waliorudi kutafuta ndala. Nikaiweka chini ile ya kushoto.

Jumanne, 8 Machi

Meneja amekataa rafu zihamishwe. Mchana Dada Morzina akaanza kuzibeba mwenyewe, anachechemea. Nani angeweza kukaa anamtazama? Tuliacha wali ukapoa. Rafu zote sasa ziko nyuma kabisa, karibu na choo.

Meneja akauliza kama kesho tutahamisha na ofisi yake. Dada Morzina: "Ikiziba ngazi, bosi, tutaibeba." Jamani, mwanamke huyu!

Alhamisi, 10 Machi

Naandika nikiwa ngazini, daftari magotini. Huwa nalichomeka kiunoni.

Zoezi la pili. Tumeshuka pekupeku, hakuna kusukumana, hakuna kelele. Raha! Nilitaka kupiga vigelegele. Mara wa mbele wakasimama.

Geti la chini — kufuli!

Meneja anasema jana vitambaa viliibwa, ndiyo maana wamefunga. Eti hili ni zoezi tu, turudi kwenye cherehani, mzigo unasafiri Jumamosi.

Dada Morzina alikuwa ameshika nondo za geti. Kisha akakaa chini, pale pale. Akasema mtu ana haki ya kukataa kazi ya hatari, na yeye anakataa. Hapandi mpaka kufuli litoke, na lisirudi tena.

"Basi huna kazi!"

"Sawa, bosi. Nifungulie niende nyumbani."

Ngazi nzima tuliangua kicheko! Meneja alibadilika rangi. Akatangaza: atakayepanda sasa hivi amesamehewa, atakayebaki, naye hana kazi.

Kicheko kikakatika. Naogopa, sijidanganyi. Mama kijijini anakula kwa mshahara wangu. Nilimtazama Dada Morzina, ametulia kama anasubiri chai, nikajionea haya.

Lipi akainuka, mkono bado umefungwa kitambaa. Nikajua anapanda. Simlaumu, nilisema moyoni. Kumbe anashuka! Amepita katikati yetu sote, akaenda kukaa ubavuni mwa Dada Morzina. Nami nimemfuata.

Meneja yuko kwenye simu. Sijui anamwita mwenye ufunguo au polisi. Anakwepa macho yetu.

Juu kuna vishindo vya miguu — wale wa ghorofa ya kukata vitambaa, nao wanashuka! Dada Morzina anatuambia tubanane, wenzetu wapate pa kukaa.