Jina la Kumi

Kulwa,

Shikamoo. Leo nakupa bila kubishana. Maisha yote ulinidai shikamoo kwa sababu ulitangulia kutoka tumboni, nami nilikataa. Basi pokea, maana nina ugomvi na wewe, na siwezi kumgombeza dada yangu kabla sijamsalimia.

Nimetoka kwenye chama cha salamu. Ndiyo, kile ulichoniingiza wewe, redio za watu binafsi zilipoanza na kila kibanda cha Mwanza kikawa kinaunguruma. Nilikuwa nauza betri karibu na stendi. Ukaniambia, "Uza na kadi za salamu, Doto. Watu wanataka kusikia majina yao." Ulisema kweli, kadi zilitoka kuliko betri. Nawe ukawa mteja wangu sugu: unajaza majina kumi ya kusalimiwa, ujumbe chini, kisha unakimbilia posta. Nilipougua tumbo, Ukerewe walijua. Nilipomkimbia mume wangu Masalu na ngumi zake, watu wa Bunda, ambao sijawahi kuwaona, walinipa pole hewani.

Nilikupigia hesabu, unakumbuka? Kadi moja, majina kumi. Kila mmoja akijibu kwa kadi yake, hao mia. Mia wakijibu, elfu. Na wanaosikiliza tu bila kuandika, nani anawajua? Nimekunong'oneza wewe jikoni, kumbe nimeiambia kanda nzima. Ukacheka. "Si ndiyo vizuri? Hutapotea."

Hesabu moja hukuipiga. Kadi hukaa kwenye gunia la redio wiki nyingi kabla ya kusomwa. Tulikuzika Mkolani, wanachama wenzako wakaja na fulana zao, nikarudi Buswelu kwenye kile chumba nilichohamia ili Masalu asinipate. Ulikijua wewe peke yako. Jioni moja namenya viazi, mtangazaji akasema, "Kulwa wa Mkolani anawasalimu wafuatao." Kisu kikaniponyoka. Uko kaburini, na unasalimia watu. Jina la kumi likawa langu: "Na pacha wangu Doto, sasa yuko Buswelu, nyuma ya mashine ya kusaga. Ujumbe: Doto, acha kununa."

Nililia. Nilicheka pia. Halafu nikaanza kuwaza nani mwingine amefungulia redio saa ile.

Masalu alikuwa amefungulia. Alikuja akakaa kwenye benchi la mashine, mikono mitupu, anasalimia kila mtu kama mgombea udiwani. Akina mama waliokuja kusaga ndio walioniokoa. Mmoja akamuuliza, "Shemeji, mahindi yako yako wapi?" Mwingine akasema, "Labda amekuja kusagwa mwenyewe." Kesho yake akarudi, wakamwanza tena, mpaka aibu ikamwinua. Akapita dirishani kwangu, akasema taratibu tu, "Hama. Redio itaniambia."

Tangu hapo situlii. Nasogeza kitanda mbali na dirisha, nakirudisha. Mbwa akibweka, nasimama. Mtu akiniita jina njiani, simjibu mpaka nimwone uso.

Nikaenda kwa mwenyekiti wenu wa chama cha salamu, Mzee Bujiku. Nikamwambia, nifute. Akanitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, ukitoka wewe, nani atamtaja Kulwa?"

Hapo aliniweza. Maana kila anayenisalimia huandika Doto, pacha wa marehemu Kulwa, na jina lako linapita tena juu ya ziwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Kunifuta mimi ni kukuzima wewe. Na kadi zako nyingine bado ziko kwenye gunia. Najua, kwa sababu ulichukua rundo zima wiki ile uliyozidiwa, nami nikadhani unajifariji.

Nadhani najua ulichokuwa unafanya. Uliona huponi. Ukataka watu wajue nilipo, nisije nikabaki peke yangu. Lakini ungeniuliza, dada. Ungeniuliza tu.

Nilimwambia mzee afute. Tena nikamwomba aende redioni awaambie, popote watakapoona Doto, waruke. Aliondoka ananung'unika, lakini alikwenda. Mimi nimehama tena. Wapi, siandiki hata humu.

Jana jioni ukaja. "Kulwa wa Mkolani anawasalimu wafuatao." Nilihesabu kwa vidole. Tisa. Kisha mtangazaji akanyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, akaenda moja kwa moja kwenye ujumbe wako. Umeandika: "Umekula?"

Nimekula, Kulwa. Nilijibu kwa sauti, nimesimama na mwiko mkononi, hakuna aliyesikia. Nimekula ugali na sato, na nikabakiza kipande cha mkia, kile tulichokuwa tunagombania.

Redio sitaizima mpaka gunia lako liishe. Betri ninazo, unanijua. Kila kadi yako nitaijibu palepale nilipo, kwa mdomo, bila kupitia posta.

Na nakuahidi hili: nitakuja Mkolani, nipige magoti, niinamie udongo wako nikuambie ninapoishi sasa.

Safari hii usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Doto