Namna Évariste Alikufa

Jumapili, 4 Machi 1973

Leo miye njo mukubwa wa kilio! Nilikwenda tu kunywa kasiksi, pombe ya ndizi ya watu, nikarudi shahidi.

Iko hivi. Habari ilishuka na lori ya Kamituga: shimo la dhahabu limebomoka, vijana wamebaki chini, mumoja wao Évariste wa Maman Adolphine, hapa ku avenue yetu, Nyalukemba. Maiti haikutoka. Kwa Maman Adolphine watu wamejaa, wanalia, wanakula bugali. Na mu kilio miye najulikana, ju ya hadithi zangu za ma-eskro, wale matapeli. Za kweli tupu! Muntu akisikia moja, hataki tena kwenda kulala. Nilipiga ile ya padri wa uongo, yule abbé wa kule Walungu. Aliungamisha watu Kwaresima nzima, wanaume wote wakamwambia zambi zao, na siku alipokamatwa njo walikimbia wao, si yeye! Watu walicheka mpaka wakajifunika mudomo, ju ya marehemu.

Kiisha Jeanine, dada ya marehemu, akatoka ndani. Macho mekundu. Hata mekundu ni mazuri.

"Cirhuza, weye unatembeaka na malori. Kule Kamituga hukusikia kitu?"

Kusikia! Miye nisikie tu, sawa bibi wa soko? Kasiksi ikajibu mbele yangu:

"Si kusikia. Nilikuwa pale."

Kimya. Kimya kile! Hata abbé wa Walungu hakukipata.

Basi nikaendelea, nani angesimama pale? Nikasema tuliwasikia wanagonga jiwe kule chini, ko-ko-ko, kiisha polepole, kiisha hapana. Nikasema asubuhi ile, mbele ya kuingia shimoni, Évariste aliniachia neno la mama yake. Maman Adolphine akanishika mukono kwa mikono yote miwili. "Neno gani, baba?" Nikatafuta. Mbele yangu kulikuwa mulango. Nikachukua mulango.

"Alisema: mwambie mama asifunge mulango."

Mama akaanguka chini. Alilia akisema ni yeye, ni yeye kabisa, tangu mutoto alikuwa anachelewa kurudi.

Ukweli? Hapa naweza kuuweka. Lori yetu ilikufa Mwenga. Kamituga sijaona hata moshi wake. Na Évariste mwenyewe sijamuona hata siku moja — aligombana na tonton wake, kaka ya mama, akakimbia nyumba bado hana ndevu, na sisi tulihamia hapa yeye ameshakwenda.

Lakini nilisema vizuri. Vizuri sana!

Jumatatu, 5 Machi

Ku kilio, nyama ya mbuzi. Na kiti. Miye, kiti! Tonton Marcellin, kaka ya Maman Adolphine, karani mu biro ya serikali, muntu wa kola na kalamu mbili, ananiita "kijana wetu". Zamani alikuwa ananiita "hiki kitu cha malori".

Jumamosi, 10 Machi

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya serikali, tulichimba mifereji tukiimba. Mchana tumemuzika.

Muntu hakuna, basi wazee wakakata mugomba wa ndizi. Lazima mugomba uwe na urefu wa marehemu. Na nani alimuona mwisho, ameshakomaa? Miye. Nikainua mukono juu ya kichwa changu: "Hapa." Ju mu hadithi yangu ya Kamituga nilimfanya kijana mukubwa, mwenye mabega. Wakakata pale nilipoonyesha. Wakauvalisha shati lake la shule, wakauviringisha mu mukeka. Maman Adolphine akanyolewa nywele zote.

Muzee akafunga shimo na maneno: huyu amelala, mulimuona amelala. Anayekuja nyuma na uso wake si muntu, ni muzimu, musimupe maji, musimupe kiti. Wanasemaka hivyo kila mara maiti ikikosa, ili roho isizunguke nyumba.

Udongo wa kwanza nilitupa miye. Mugomba ulikuwa unatoa maji pale walipoukata, shati limelowa kifuani. Afazali ningeangalia kwingine.

Jumatano, 21 Machi

Mvua ya mawe tangu saa ya chakula. Nikapita kwa Maman Adolphine. Mulango wazi! Maji yameingia mpaka ku mukeka, Jeanine anayachota na sufuria.

"Tunalala na makoti," alisema. "Kuku wawili wameshakwenda na wezi. Lakini maman hataki. Ni neno la kaka, na weye njo ulituletea. Mungu akubariki, Cirhuza."

Anibariki! Nilitaka kuufunga miye mwenyewe, mukono wangu umeshafika ku kitasa. Ndani mu giza Maman Adolphine akaita: "Ni nani?"

"Ni miye, maman. Cirhuza."

"Ah," alisema. "Nilizani..."

Nimerudi kwetu nimelowa, na sikupata joto.

Jumanne, 17 Aprili

Kwa Alphonse fundi-cherehani, watu wamejaa mpaka ku dirisha. Leo nilipiga ile ya kapteni wa uongo, yule aliyekuja ku kizuizi cha Ruzizi na kofia ya kuazima: magari yote yalisimama, askari magendarme wakampigia saluti, yeye akajibu saluti na mukono wenye sigara. Njo alivyokamatwa! Wakapiga meza.

"Tufundishe," anasema Alphonse. "Eskro anajulikana namna gani?"

Nikafanya uso wa mwalimu. "Sikilizeni. Muntu wa kweli anasahau. Weye, Alphonse, jina la mwalimu wako wa kwanza? Unaona! Eskro hasahau kitu, ju alijifunza yote. Akijibu yote, mukamate."

"Weye ungemukamata?"

"Hata bado hajavua kofia, ningemukamata!"

Nimefikiri wanapendea nini hizi hadithi. Ni hivi: kila muntu anayesikiliza anajiona yeye njo yule mujanja nyuma ya watu, yeye hangedanganywa. Jioni moja, wote wana akili. Miye napenda kingine. Napenda pale kapteni anafika na magari yanasimama. Nani anasimamia boy-shofere, utingo wa lori sawa miye? Nilifukuzwa mwaka wa pili wa sekondari ju ya kucheka mu darasa, na tangu hapo watu wananiita kwa kupiga mudomo, pss, pss.

Kiisha Alphonse akarudi ku kazi, mashine ikagonga polepole, ko-ko-ko, na ikasimama.

Nikasema naumwa kichwa. Nikaondoka.

Alhamisi, 21 Juni

Muntu amekuja.

Acha niandike kwa mustari.

Jioni hii, vumbi jekundu kila pahali, ameingia kwa mulango ule wazi. Hakupiga hodi. Amekaa ku kiti cha nyuma ya meza, akasema, "Maman, ni miye. Asante hukufunga." Maman Adolphine akapiga kelele ile — nilisikia toka kwetu. Nilipofika, avenue nzima iko ndani.

Mwembamba. Ndevu. Kovu juu ya jicho, meno ya mbele hayako. Anasema shimo lilipobomoka yeye alikuwa inje, anavuta kamba. Walinzi wa mugodi wakaja kukamata wachimbaji, akakimbilia pori la Shabunda, akaugua kule, hakujua kama analiliwa huku.

Tonton Marcellin akataka karata ya kitambulisho. Mu karata hakuna Évariste — lakini nani leo ana jina la kizungu mu karata? Hata miye Jean-Marie wangu amekufa mwaka jana, serikali imemuzika pamoja na majina yote ya kizungu! Karani wa Shabunda alimuandikia Mushagalusa. Tonton akapiga meza: "Mu familia yetu jina hili haliko! Aliyelichukua amelichukua ju ya kujificha!"

Wakamuuliza maswali. Jina la mbwa aliyekufa. Mutungi uliovunjika siku ya komunyo, nani aliuvunja. Wimbo wa baba yao akinyoa ndevu. Alijibu yote. Alijibu akilia, na sauti yake haikupanda.

Kiisha Alphonse, Alphonse wangu miye! — akainua kidole. "Mumesikia? Hakusahau hata moja. Cirhuza alitufundisha nini?"

Wote wakanigeukia. Walikuwa wanacheka kidogo, ile furaha yao. Wako ndani ya hadithi sasa.

"Na urefu!" akasema mwingine. "Mugomba tulipima. Marehemu alimupita Cirhuza. Huyu anafikia ku sikio lake!" Wakatusimamisha mugongo kwa mugongo. Nilisikia mifupa yake. Kweli, ku sikio.

Wengine wanasema eskro, wengine muzimu. Hawakupatana, lakini wote walimutaka inje.

Aliomba maji. Jeanine alishika kikombe. Mama yake akakinyanganya, akamwaga chini. Hakumuangalia uso. "Mutoto wangu nilimuzika," alisema. "Nilinyoa. Usinirudishe kule, baba, kama weye ni muntu ao kama si muntu. Nenda."

Wamemufungia mu kashoti, ile jela ndogo ya chefu wa quartier.

Yeye alinitazama miye tu. Hakuna aliyemwambia miye njo shahidi wa kifo chake.

Ijumaa, 22 Juni

Mulango wa Maman Adolphine umefungwa. Tangu Machi, mara ya kwanza.

Jeanine alinisubiri ku bomba. "Anakohoa sawa na baba yetu. Eskro anajifunza hata kukohoa?"

"Anajifunza."

"Na ulimuona anaingia shimoni? Ulimuona kweli?"

"Nilimuona."

Nimejibu mbio. Miye mwenyewe ningemukamata anayejibu mbio hivi.

Jumapili, 24 Juni

Tonton Marcellin amekuja mpaka kwetu, na kola. Mama yangu alifuta kiti mara nyingi. Kesho jeep ya magendarme inakuja. Muntu mwenye jina la uongo, anasema, leo hawamuulizi mingi, wanamupeleka. Wapi? Alitazama kalamu zake. Kutoka kule sijaona aliyerudi.

"Chefu atakuita mbele yao. Weye shahidi. Utasema: si yeye, nilimuona akifa. Neno moja tu, kijana wetu. Kiisha nitakutafutia kiti cha planton, tarishi mu biro."

"Na kama ni yeye, tonton?"

Akavua kofia. Alikuwa muzee kwa ghafula. "Kama ni yeye," alisema, "miye njo nilimufukuza nyumba, na dada yangu amemunyima maji. Kwa hiyo si yeye."

Akavaa kofia.

Mchana nikazunguka nyuma ya kashoti. Iko na tundu juu, nikapanda ku tofali. Alikuwa amekaa chini, ginsi wanakaaka wale wa shimoni, magoti ku kidevu.

"Weye njo Cirhuza," alisema.

"Njo miye."

"Sogea. Niambie vizuri. Nilikufa namna gani?"

Nilizani ananicheka. Hakuwa anacheka. Alingoja, sawa watu wanavyongojaka kwa Alphonse.

Nikamwambia! Yote: asubuhi, neno la mama, udongo, wale wanagonga jiwe chini, ko-ko-ko, kiisha polepole. Mara ya kwanza nimesimulia na sauti haitoki.

Akainua kichwa.

"Kugonga," alisema. "Nani alikuambia wanagonga?"

"Hakuna."

"Nilikuwa na kamba mu mukono. Niliwasikia. Walinzi walikuwa wanakuja, nikaacha kamba. Sikumwambia muntu, hata padri wa Shabunda." Akasogea mpaka chini ya tundu. "Ni nani alikuambia?"

"Nilitunga," nikasema. "Nilitunga tu, kaka. Sikuwa pale."

Ilitoka hivyo, kirahisi. Mu tundu, kwa muntu mumoja ambaye hahitaji kuusikia ukweli huu.

Aliniangalia sana. "Hapana," alisema. "Weye ulikuwa pale."

Nikashuka ku tofali. Alikuwa bado anasema: mulango pia, nani alikuambia neno la mulango...

Jumatatu, 25 Juni

Inje ya biro ya chefu. Kijitabu ku goti, penseli fupi. Nikiandika hawanisemeshi.

Jeep imesimama ku kivuli, shofere anakula ndizi. Avenue yote iko hapa. Alphonse amefunga duka, amevaa shati la misa, ameniwekea kidole gumba juu: leo utawaonyesha! Wamesimama nilipopita. Wote. Wamenipa njia.

Maman Adolphine amekaa karibu na mulango. Nywele zimeanza kurudi, fupi, nyeupe. Zamani hazikuwa nyeupe. Jeanine yuko nyuma yake. Ameleta kikombe cha maji. Kimejaa, hamupi muntu, anakishika tu, na anatazama miye, si biro.

Nimejaribu maneno mu kichwa. "Nilidanganya." Neno moja, sawa lile la tonton. Lakini Alphonse atacheka, atasema ona, Cirhuza ameogopa muzimu. Nilishawafundisha kila namna ya kutambua muongo, sikuwafundisha namna ya kuamini muntu akisema, miye ni muongo.

Ndani kuna sauti ya kitu kinagonga. Labda ni muhuri wa karani. Ko. Ko.

Planton ametoka. Ameita jina langu la zamani, Jean-Marie, akaogopa magendarme, akaita hili la sasa. Watu wamegeuka wote. Maji ya Jeanine yametikisika.

Ameita tena.

Niko nasimama