Jina Kwenye Kitako cha Bunduki

Mjukuu wangu Otieno,

Sisi hapa Kisian tuko salama. Goti la nyanya yako limepona, na mvua imetukumbuka.

Umeniuliza kuhusu alama za bunduki ya vita uliyoiona huko ughaibuni. Ule mshale uliogongwa kwenye chuma ulionyesha kuwa ni mali ya serikali ya Mwingereza. Nambari ilitofautisha bunduki moja na nyingine.

Nilipokuwa polisi kijana Kisumu, tulikuwa na bunduki kuukuu kama hiyo katika stoo ya kituo. Moja ilikuwa imechongwa jina kwa kisu kwenye kitako: Awino. Nilimwambia baba yangu, aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Akasema, "Hiyo ni ya Ouma wa Pap Onditi. Alifia mikononi mwangu. Awino ni bintiye, alizaliwa baba yake akiwa vitani."

Tulienda Pap Onditi, tukamkuta Awino akianika mtama. Baba alipomweleza, Awino aliuliza jambo moja tu.

"Mzee, kumbe alijua nimezaliwa?"

"Alijua, mama. Alilitaja jina lako kila siku."

Awino akaketi chini, akalia. Baba akaketi kando yake.

Tangu siku hiyo, nikionyeshwa bunduki kuukuu, hutazama mbao kabla ya chuma.

Mungu akutunze ulipo.

Babu yako