Maji ya Vitunguu

Jumapili, 1 Septemba 1996

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: ninaiba maji nyumbani kwetu.

Ndoo mbili kila siku ya tatu. Mama akiwa shambani anaokota korosho, Bibi akiwa amejilaza mchana. Ninainua kifuniko cha kisima, ninachota, ninamwaga kwenye tuta la vitunguu nyuma ya bafu, kisha ninapangusa matone kwenye sementi. Nilianza katikati ya Agosti. Leo nimechota tena.

Ruhusa niliyonayo ni ya maji machafu tu. Ya kuogea, ya kuoshea vyombo, ya kufulia. Mama alisema hivyo nilipoomba kupanda, na hakurudia. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano. Kisima chetu kina maji yaliyotiririka kutoka kwenye bati, basi, na lazima yafike Desemba. Hapa Newala hakuna anayefanya mchezo na jambo hilo.

Lakini kitabu nilichoazima shuleni kinasema kitunguu kikianza kujaa kichwa kinataka maji safi, bila kuruka zamu. Vyangu vilikuwa vimegoma. Majani mazuri, kichwa kama gololi. Nikachota. Vikaanza kujaa wiki ileile.

Viko hamsini na vinane. Ninavijua kimoja kimoja.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepita sokoni nikitoka shule. Vitunguu vya lori vimejaa tena, vyekundu, kimoja kinajaza kiganja. Tangu biashara ifunguliwe kila kitu kinakuja kwa lori: vitunguu, mitumba, sabuni zinazonukia matunda. Nikasimama kuvitazama. Muuzaji akauliza kama ninanunua au ninapiga picha. Nikasema kwetu tunalima. Akawaita wenzake.

"Njooni mmwone mkulima! Dada, vitunguu vya Newala si vya mchuzi, ni vya kuvaa masikioni."

Sikujibu. Mimi huwa sijibu. Darasani ninalijua jibu, ninanyamaza, mwingine anakosea, ninaumia. Kidato cha Pili chote kimenisikia mara moja tu. Mwalimu wa kilimo aliuliza kila mtu atapanda nini nyumbani, nikasema vitunguu vikubwa kama vya lori. Walicheka mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo jina langu si Somoe, ni Lori.

Lazima viwe vikubwa. Sioni njia nyingine ya kutoka.

Ijumaa, 6 Septemba

Kila Ijumaa Mama hupima kisima. Anashusha mwanzi mrefu mpaka chini, anautoa, anatazama umelowa mpaka wapi, anatia alama kwa kisu. Kwa kawaida maji hushuka upana wa vidole viwili kwa wiki. Wiki zilizopita vilizidi kidogo, akadhani amekosea kupima. Leo vitatu na nusu. Akaushusha mwanzi tena. Vilevile.

Akaketi kwenye ukingo wa kisima, akahesabu watu. Yeye, Bibi, mimi. Baba yuko Masasi, anapima korosho kwa wanunuzi binafsi, harudi mpaka msimu uishe. Akabaki mmoja: Mama Hadija, jirani yetu wa nyumba ya nyasi, anayechota ndoo moja kila asubuhi.

Ndoo hiyo si ya hisani. Mwaka tulioezeka bati, mume wake ndiye aliyechimba kisima hiki pamoja na Baba, kiangazi kizima. Walipatana kwamba nyumba yake itapata ndoo moja kila siku, maadamu kisima kina maji. Mume alikwenda Mtwara kutafuta kazi na hajarudi. Mapatano yamebaki.

"Ndoo yake imezaa," Mama akasema.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeushika mwanzi. Nikanyamaza.

Jumapili, 8 Septemba

Nimerudi kutoka kuokota kuni, sikuona vitunguu. Majani tu. Bibi alipita na jembe dogo, akavifukia vyote mpaka shingoni, kama anavyofukia njugu mawe zikishatoa maua. Alikuwa na furaha.

"Vilikuwa uchi, mjukuu wangu. Mavichwa nje, na watu wanapita! Nimevisitiri."

Nikasema asante Bibi. Nikangoja ajilaze, nikaanza kufukua kwa vidole. Kitabu kinasema kichwa kikae juu ya udongo, kikifukiwa hakinenepi. Nimefika cha arobaini, Bibi huyu hapa.

"Eh! Unavivua nguo?"

Nikamweleza. Alifikiri kidogo. "Kumbe ndiyo maana vyangu miaka yote vilikuwa vipele. Nilikuwa nikivifunika kila wiki." Akacheka mpaka akakohoa, akachuchumaa, tukafukua pamoja vilivyobaki.

Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumanne, 10 Septemba

Mama ametia kufuli kwenye kifuniko cha kisima. Ufunguo amenipa mimi. "Ukae kwa Somoe. Huyu hata uongo hajui unaanzia wapi." Alisema mbele ya Bibi.

Nimeuvaa shingoni kwa uzi. Unanigusa kifuani ninapoandika. Ndoo ya Mama Hadija sasa ninaichota mimi, yeye anasimama pembeni na mtoto wake mchanga mgongoni.

Nilijiapiza kuacha. Alasiri nimechota ndoo moja. Moja tu. Ninaona haya kuandika hilo neno "tu".

Majani ya vitunguu vitatu yamelala chini. Nadhani ni kiu.

Ijumaa, 13 Septemba

Vidole vitatu.

Mama hakumtazama mtu mwingine, alinitazama mimi. Nikajua imekwisha.

"Unamwongezea," akasema. "Mama Hadija. Unamwonea huruma kwa ajili ya yule mtoto, unamtilia ndoo ya pili. Sema kweli."

Aliniuliza kwa upole. Alikuwa ameshanisamehe kabla sijajibu.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Sikusema neno. Kichwa tu. Sekunde moja. Ni jambo baya kuliko maji yote niliyochota.

Mama amesema kuanzia kesho Mama Hadija hapati tena, ashuke bondeni kama wengine. Na kwa kuwa nimemzoesha mimi, nikamwambie mimi.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda. Alikuwa anamwogesha mtoto ndani ya sufuria.

"Shikamoo Mama Hadija."

"Marahaba mwanangu. Eh, leo nafuatwa mpaka nyumbani! Nimekuwa bibi harusi?"

Nikamwambia Mama amesema maji hayatatosha. Mkono wake ukasimama juu ya mgongo wa mtoto.

"Nimekosa nini?"

Nilitazama sufuria. Hadija, binti yake wa darasa la pili, alikuwa amesimama mlangoni ananisikiliza.

"Haya," akasema. "Mwambie mama yako nimesikia."

Amemsuuza mtoto kwa maji yaleyale.

Jumatano, 18 Septemba

Kutoka ukingo wa mji unaliona bonde lote, mpaka kule Ruvuma inakopita. Chemchemi iko chini. Kushuka ni rahisi. Kupanda na ndoo kichwani ni saa mbili ukiwa na nguvu, na Mama Hadija ana miezi miwili tangu ajifungue. Tunapokwenda shule tunakutana naye anapanda. Anatweta. Leo alinisalimu yeye kwanza.

Hadija hajaenda shule tangu Jumatatu. Anabaki na mtoto. Nilimwona ameketi kwenye kizingiti, mtoto mapajani, anaandika herufi kwenye vumbi kwa kijiti. Alikuwa ameiandika "d" kinyume. Ningeweza kumsahihisha. Nilipita.

Siwezi kumtazama Mama, siwezi kumtazama Mama Hadija, siwezi kukaa barazani, siwezi kwenda uani kwa sababu kisima kiko uani. Nyumba imekuwa ndogo.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimepima kitunguu kikubwa kuliko vyote kwa uzi. Halafu nimekwenda sokoni, nikajifanya ninachagua, nikapima cha lori kwa uzi uleule.

Changu ni kikubwa zaidi.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitembea njia nzima nikitabasamu peke yangu.

Karibu nusu ya vitunguu majani yamelala. Nimevipa ndoo mbili.

Jumanne, 24 Septemba

Mwalimu wa kilimo amekuja kukagua bustani. Alisimama mbele ya tuta, akapiga mluzi mrefu. Akasema tangu aletwe Newala hajaona vitunguu kama hivi kwenye bustani ya nyumbani. Ijumaa ya wiki ijayo jina langu litasomwa kwenye mstari, shule nzima.

Kisha akagusa udongo.

"Umemwagilia lini?"

"Jumamosi, Mwalimu."

"Ya nini? Majani yakianza kulala, kitunguu kimemaliza kunywa. Hapo kinataka jua tu. Ukiendelea kukinywesha kinaoza shingo." Akachuchumaa, akabonyeza kimoja. Kidole kilizama. Akabonyeza kingine.

Kitabu changu kimechanwa kurasa za mwisho. Niliona tangu siku niliyokiazima. Sikuuliza zilisema nini.

Majani yalianza kulala tarehe kumi. Nimerudi nyuma kwenye daftari hili kuhakikisha. Nilipotikisa kichwa mbele ya Mama, vitunguu vilikuwa vimeshaacha kuhitaji maji. Ndoo zote baada ya hapo zimeviozesha. Mama Hadija amepanda kilima bure. Hadija amekaa kizingitini bure.



Alhamisi, 26 Septemba

Nimejaribu mara tatu. Mama akiwasha moto: nikafungua mdomo, nikauliza kama mboga imetiwa chumvi. Mama akitwanga: nikauliza kama nimpokee mchi. Mama akisuka ukili wa mkeka: nikasimama tu. Akauliza, "Unaumwa?" Nikasema hapana.

Kila siku ninayonyamaza, siku inayofuata inakuwa nzito zaidi. Nimefungiwa ndani ya mdomo wangu mwenyewe. Ufunguo ninao shingoni, haufungui hapo.

Ijumaa, 27 Septemba

Mama hajui kusoma. Barua za Baba ninamsomea mimi, majibu ninayaandika mimi. Ni kitu pekee ninachoweza kufanya kwa sauti bila kutetemeka: kusoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo nikaiandika. Karatasi mbili. Baada ya Mama kutoka kupima kisima nikamwambia kuna barua. Akafuta mikono kwenye kanga, akamwita Bibi, wakaketi mkekani kama wanavyoketi siku zote barua ikija.

Nikaanza. Kwako Mama mpendwa, salamu nyingi, hali yangu si nzuri.

"Baba yako anaumwa?" Mama akadakia.

Nikaendelea kusoma. Agosti. Ndoo mbili. Kila siku ya tatu. Nilipofika kwenye kufuli aliacha kuinama mbele. Aliniacha nifike mwisho, mpaka kwenye "ni mimi mwanao Somoe".

Kuku walikuwa wanaparua uani.

"Rudia pale pa Mama Hadija."

Nikarudia.

"Rudia."

Mara ya tatu sauti iliniisha. Bibi alisema neno moja kwa Kimakonde ambalo sitaliandika. Mama akanyoosha mkono. Nikavua uzi, nikampa ufunguo.

Hakunipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu.

"Mimi nilimhukumu yule mwanamke," alisema, si kwangu, kwa mkeka. Kisha akanitazama. "Ikunje hiyo barua. Haijamfika mwenyewe bado."

Jumapili, 29 Septemba

Jana asubuhi tulikwenda kwa Mama Hadija, Mama mbele, mimi nyuma. Mama ndiye aliyeanza kuomba radhi, kabla yangu, amesimama jua kali bila kukaribishwa. Kisha nikasoma. Mama Hadija alisikiliza akinyonyesha, macho kwenye mtoto. Nilipomaliza alimhamishia mtoto titi la pili.

"Vitunguu," akasema.

Ndilo neno alilosema. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Baadaye alimgeukia Hadija akamwambia Jumatatu afue sare mapema, anakwenda shule. Hadija akamkumbusha kwamba sare hufuliwa Jumapili. Mama Hadija akacheka kidogo, na Mama akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Mama amerudisha ndoo ya kila asubuhi. Zile za siku alizokosa ni kumi na nne, nitazileta mimi kutoka bondeni.

Jioni niling'oa vitunguu vyote. Ishirini na kimoja vimeoza shingo. Vilivyobaki nimevitandaza kwenye kichanja cha vyombo, kivulini, vikauke. Bibi amechagua kimoja, amekiweka kwenye mchuzi bila kuniomba. Wote tumekula, hakuna aliyesema ni kitamu au si kitamu.

Leo nimeamka, nimefagia, nimechukua ndoo ya Mama Hadija na kata yangu ya kichwani, ya kanga kuukuu. Nilishuka peke yangu. Chemchemini palikuwa na wanawake tisa mbele yangu. Nilijaza, nilifunika maji kwa majani yasirukeruke, nikapanda. Nilipumzika mara nne. Robo ya maji ilimwagika begani. Nilibisha hodi, nikamwamkia Mama Hadija, akanielekeza kwa kidevu mtungi ulipo.

Nikamimina. Mtungi haukujaa. Nikashuka tena.